Msamaha wa Kila Jumatatu

Memphis ikitangaziwa barafu, watu huacha akili nyumbani wakakimbilia mkate na maziwa. Nani alitufundisha hivyo, mimi sijui. Barafu yenyewe hukaa siku mbili ikayeyuka, lakini ukipita dukani jioni ya kuamkia siku hiyo, utadhani sote tunaingia safinani na Nuhu.

Ijumaa ile, duka kubwa la barabara ya Lamar lilikuwa halipitiki. Foleni zilifika hadi kwenye friji za nyama, watoto wanalia, matroli yanagongana, na hewa inanuka makoti yaliyolowa. Katikati ya foleni moja alisimama Latrice Boykin, msusi, ndani ya koti jekundu la sufi lililomshika kiuno vizuri, kitambaa cha hariri kichwani kulinda nywele, hereni za duara zikimgusa mashavu. Nyuma yake alisimama kijana mrefu mwenye sare ya kijivu ya ufundi, jina limeshonwa kifuani: C. Whitlow. Kikapuni mwake mlikuwa na makopo ya pichi, mengi, na hakuna kingine.

Latrice alivumilia kidogo, akashindwa.

"Kaka, samahani. Wewe hukusikia? Ni barafu. Watu wananunua mkate."

"Mkate umeisha, dada."

"Ndiyo ukaona umalizie hasira kwenye pichi?"

Yule kijana akacheka, akajishangaa kwamba amecheka. "Nazipenda tu."

"Hakuna mtu anayependa pichi kiasi hicho. Wewe una siri." Latrice akachukua mkate mmoja kwenye troli lake akautupia kikapuni mwake. "Chukua huo. Mimi naishi peke yangu, mikate miwili nitakula na nani?"

"Ahaa. Kumbe ndiyo naambiwa hujaolewa."

"Umeambiwa nina mkate wa ziada. Hayo mengine umejiongezea mwenyewe."

Mzee aliyekuwa mbele yao akageuka kuwatazama, akatabasamu, akajifanya anasoma bei ya betri.

"Whitlow," Latrice akasema, akilisoma lile jina kifuani. "Una undugu na Mama Ernestine Whitlow? Yule wa kwaya?"

Uso wa kijana ukabadilika kidogo. "Ni mama yangu. Unamjua?"

"Kwa sifa tu! Mimi nimehamia kanisa la Gileadi mwaka juzi, nikakuta ameshaondoka. Lakini kwaya ikipotea njia tu, Shemasi Odom lazima agune, 'Ernestine angekuwepo, mngekiona.' Si wanasema yuko mji wa Mobile, kwa dada yake?"

"Yuko Mobile," akasema Cornell Whitlow, akiyatazama makopo yake ya pichi.

Walipofika nje, mvua ya barafu ilikuwa imeanza kugonga vioo vya magari, na kila mmoja alikuwa na namba ya mwenzake.

Siku mbili mji ulilala, barabara zimekuwa vioo, na hao wawili hawakuweka simu chini. Cornell alikuwa fundi wa lifti, na Latrice hakumwacha apumue.

"Kwa hiyo kazi yako ni kupandisha watu tu?"

"Na kuwashusha salama. Kupanda kila mtu anaweza, mrembo. Kushuka ndiko kunakotaka fundi."

"Loo! Umeniita nani?"

"Mrembo. Nifute?"

"Hebu jaribu ufute uone."

Barafu ikayeyuka, wakaanza kutoka. Kambare wa kukaanga Jumamosi, matembezi kwenye daraja la mto Jumapili jioni, mkono wa Latrice ndani ya mfuko wa koti la Cornell kwa sababu eti glavu amesahau. Latrice alimpenda haraka, na hakujificha. Alipenda ukimya wake, na jinsi alivyosikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Jambo moja tu lilimkera. Saa mbili usiku ikikaribia, Cornell alianza kuangalia saa. Mara nyingine wakiwa kwenye simu, katikati ya neno tamu, angesema tu, "Lazima nikate," na simu ikakatika. Nyumbani kwake, mtaa wa Orange Mound, hakuwahi kumkaribisha.

"Ana mke huyo," wateja wa saluni walimwambia kwa sauti moja, vichwa vyao vikiwa chini ya mashine za kukaushia. "Tena ana watoto. Mwanamume wa kuangalia saa, shoga yangu, anaangalia zamu ya mwenzio."

Latrice akampigia palepale, kitana mkononi. "Cornell, nijibu kwa mdomo wako. Una mke?"

Cornell akajibu tu: "Njoo nyumbani jioni."

Mapazia ya nyumba ile yalikuwa yamefungwa yote, na taa zimewashwa ilhali nje jua halijazama. Kwenye kiti cha kuegemea aliketi mwanamke mnene mwenye gauni la kulalia, nywele nyeupe zimelala upande mmoja, bakuli la pichi mapajani. Alimtazama Latrice kwa adabu kubwa.

"Wewe ndiye umekuja kujaribiwa sauti?"

"Mama," Cornell akasema taratibu, "huyu ni Latrice."

"Sauti ya pili au ya kwanza?"

Hivyo ndivyo Latrice alivyokutana na Mama Ernestine, ambaye hajawahi kufika Mobile. Jikoni, Cornell alimweleza kwa sauti ya chini. Ugonjwa wa kusahau ulianza na majina, ukaja kwenye nyimbo, ukaja kwenye choo. Siku moja mama akiwa bado ana akili zake alimshika Cornell kola. "Wasinione hivi. Waache wanikumbuke nimesimama mbele yao." Cornell akaahidi. Mchana binamu yake Twyla anakaa na mama, kuanzia saa mbili usiku Twyla anarudi kwake na zamu ni ya Cornell hadi asubuhi.

"Hili ni letu, Latrice. Libaki humu."

"Limebaki, mpenzi. Mwenyewe nakuapia."

Na alikuwa na nia ya dhati. Lakini mapenzi yana macho, na macho yake yalimwona Cornell akikonda. Jioni moja mgahawani alilala na uma mkononi, kidevu kifuani, chakula kikapoa mbele yake. Latrice hakumwamsha. Alikaa pale akimtazama hadi mhudumu akaja kuuliza kama kaka yuko salama.

Sasa sikilizeni desturi yetu, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika. Pale Gileadi, kabla ya mahubiri, Mchungaji Purnell husimama akauliza, "Nani ana mzigo leo?" Mwenye mzigo husimama, akausema, kanisa zima likaombea. Tena si mzigo wako tu; wa jirani, wa shemeji, wa mtu uliyemwona kwenye kituo cha mafuta, yote hutajwa. Jambo ambalo ukilisema saluni utaitwa mmbea, ukilisema madhabahuni utaitwa mwombaji. Hatuoni tofauti mpaka tuumie sisi.

Jumapili hiyo Latrice alivaa gauni la manjano na kofia yenye ua. Mchungaji akauliza. Miguu yake ikasimama kabla hajaiuliza.

"Ndugu zangu, naomba tumwombee Mama Ernestine Whitlow. Hayuko Mobile. Yuko hapahapa Orange Mound, anaumwa ugonjwa wa kusahau, na mwanawe Cornell amebeba peke yake hadi anaanguka kwa usingizi."

Kanisa lilishtuka kwa sauti moja. Wazee wa kwaya wakaanza kulia. Mchungaji akanyoosha mkono kuelekea kwake: "Mungu atupe kina Latrice wengi zaidi, wenye moyo wa kuona mateso ya wenzao!" Amina zikamiminika. Latrice aliketi kifua kikiwa na joto, mama mmoja akamkumbatia, mwingine akampa kitambaa cha kufutia machozi.

Kwa sisi, maombi hayaishii kwenye amina. Saa tisa mchana sufuria zilikuwa njiani. Makaroni ya jibini ya kuoka, kuku wa kukaanga, mboga za majani zilizopikwa na mfupa wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi, pai za viazi vitamu, magari yamejipanga hadi kona. Tena hatuna tabia ya kungoja mlangoni. Cornell alikuwa anamwogesha mama yake aliposikia kengele. Alikwenda kufungua mlango kidogo tu, kumbe Shemasi Odom ameshatanguliza paja la nguruwe la kuoka, na nyuma ya paja wakaingia watu wote.

Mama Ernestine alitoka bafuni kumtafuta mwanawe. Alikuwa amejifunga taulo, meno hana, maji yanamtiririka. Na ugonjwa ule, kwa ukatili wake, ukamrudishia akili dakika ileile. Alimtambua kila mmoja. Alimwona Odom, akawaona wanakwaya aliowafundisha kuvuta pumzi. Alijaribu kujifunika kwa mikono yake miwili, haikutosha.

"Cornell," akasema. "Uliniahidi."

Watu waliweka sufuria popote walipoona nafasi wakatoka kimyakimya. Kuna waliolia njia nzima.

Simu ya Latrice ililia kabla hajavua kofia.

"Ulisema limebaki," sauti ya Cornell ilikuwa ndogo na kavu.

"Sikumwambia mtu, Cornell! Niliomba maombi tu."

"Mbele ya watu mia tatu."

"Kwa sababu nakupenda! Unalala kwenye sahani, unataka nikuzike ndiyo niseme? Mficha maradhi kifo humuumbua!"

"Maradhi ni ya nani, Latrice? Yako? Yangu? Ulimuuliza mwenyewe?" Akapumua. "Mungu angekusikia hata chumbani kwako. Wewe ulitaka wakusikie wao."

"Si kweli! Cornell... mpenzi, nisikilize..."

Simu ikakatika. Alipopiga tena aliambiwa na mashine kwamba namba haipatikani. Ujumbe aliotuma haukufika. Alimtumia barua pepe, akamwachia ujumbe kazini, akaenda kusimama nje ya jengo alilokuwa anatengeneza lifti hadi mlinzi akamwonea huruma akamwambia aende zake. Wiki ya kwanza alijitetea moyoni: nia yangu ilikuwa njema, na Mungu anajua. Wiki ya pili utetezi ulianza kumchosha. Alikuwa anaosha nywele za mteja alipokumbuka lile joto la kifuani alipoketi, zile amina, kitambaa cha machozi. Lilikuwa tamu. Lilikuwa tamu mno kwa mtu aliyekuwa anamsikitikia mwenzake.

Kisha akagundua jambo lililomtia aibu zaidi. Samahani zote alizotuma zilikwenda kwa Cornell, kwa sababu yeye alitaka Cornell amrudie. Aliyevuliwa nguo mbele ya watu ni mama, na kwa mama hajapeleka hata neno moja.

Jumatatu saluni hufungwa. Asubuhi Latrice alivaa suruali ya jinzi na sweta kuukuu, hakupaka rangi midomoni, akaenda Orange Mound wakati anajua Cornell yuko kazini. Twyla alifungua mlango. Twyla ni mwanamke wa mwili, mpenzi wa tamthilia za mchana, na mdomo wake hauna breki.

"Toba! Wewe una uso mkavu. Cornell akikukuta hapa, mimi simo."

"Sijaja kwa Cornell. Nimekuja kwa mama."

"Mama mwenyewe hakumbuki ulichomkosea."

"Mimi nakumbuka, Twyla. Nipe dakika tano, kisha unifukuze."

Twyla alimwangalia juu hadi chini, akaona ile sweta, akapisha.

Latrice alipiga magoti mbele ya kile kiti. "Mama Whitlow, mimi naitwa Latrice. Nilisema siri yako mbele ya kanisa bila kukuuliza. Watu wakaja wakakuona hukujiandaa. Nimekuja uniambie kama utanisamehe."

"Siri gani?"

"Kwamba unaumwa, mama."

"Mimi siumwi." Akatafuna pichi, akameza. "Ulisema kwa ubaya?"

"Kwa upendo. Na kwa kupenda kusifiwa pia."

Mama Ernestine alimtazama kwa jicho la kiongozi wa kwaya. "Mwanakwaya anayetaka asikike yeye tu huniharibia wimbo mzima."

"Ndiyo, mama."

"Usirudie. Nimekusamehe." Kisha akanyoosha mkono, akamgusa kichwani. "Nani amekutengeneza nywele?"

"Nimejitengeneza mwenyewe."

"Na mimi je? Nikae hivihivi kama kuku aliyenyeshewa?"

Latrice alicheka na kulia kwa pamoja. Vifaa vyake vilikuwa garini. Alimwosha nywele kwenye sinki la jikoni, taulo shingoni, akampaka mafuta kichwani polepole kwa ncha za vidole hadi mama akasinzia.

"Cornell akiuliza nimwambie nani amemsuka?" Twyla alinong'ona.

"Sema wewe. Tafadhali. Asijue."

"Ndiyo yale ya mkono wa kushoto usijue ya mkono wa kulia, eh? Basi mimi ndiye mkono wa kushoto, na nimeona kila kitu." Lakini Twyla, ambaye hajawahi kutunza siri hata ya zawadi ya Krismasi, hiyo aliitunza. Cornell alipoona mama yake amependeza, alishukuru karibu kulia, akamnunulia Twyla viatu vizuri vya ngozi. Twyla akavipokea bila haya.

Jumatatu iliyofuata Latrice alirudi na kupiga magoti tena. "Mama Whitlow, mimi naitwa Latrice. Nilisema siri yako..."

"We, si alishakusamehe?" Twyla akapaza sauti kutoka kwenye kochi.

"Yeye hajui kwamba alinisamehe. Nikinyamaza, nitakuwa nashika kichwa cha mtu asiyejua nilichomfanyia."

Basi ikawa hivyo. Kila Jumatatu aliomba upya, na kila Jumatatu alijibiwa upya. Siku moja mama alicheka akamwambia ana mambo ya kitoto. Siku nyingine alimhoji kama amebatizwa, na wapi, na maji yalikuwa ya baridi au vipi. Na Jumatatu moja mama aliamka vibaya. Alisikiliza hadi mwisho, macho yakamjaa hasira.

"Sikusamehi. Ondoka nyumbani kwangu!" Kitana kikaruka, kikampata Latrice juu ya nyusi.

Latrice aliokota vitu vyake akaondoka. Alikaa garini analia, damu kidogo imemchirizika, na akajiambia kwamba mama ana haki hiyo pia. Jumatatu iliyofuata alikuwa mlangoni.

Cornell naye, tusimsahau. Mapazia aliyaongezea mengine mazito. Watu wa Gileadi walipopiga simu aliwaambia mama amelala. Walipopiga kengele hakufungua. Usiku, mama akishalala, alikuwa anaifungua picha ya Latrice kwenye simu, ile ya darajani, na kuifunga. Alikuwa anampenda bado, na kila alipompenda, sauti ya mama yake, "Uliniahidi," ilimjia palepale.

Jumatatu moja spea za lifti hazikufika, fundi mkuu akawaambia warudi nyumbani. Cornell alipitia mlango wa jikoni. Sinki lilikuwa limejaa maji yenye povu, na sebuleni alisikia sauti aliyoijua.

"...Watu wakaja wakakuona hukujiandaa. Nimekuja uniambie kama utanisamehe."

"Na ndiyo unalia hivyo?" sauti ya mama yake. "Nimekusamehe, binti. Endelea na kichwa, povu linaniingia sikioni."

"Jumatatu iliyopita ulikuwa mkali zaidi, shangazi," sauti ya Twyla. "Leo umemwachia mapema."

Cornell alisimama mlangoni mwa sebule, begi la vyuma begani, akaelewa yote kwa mpigo. Begi likamtoka likaanguka sakafuni kwa kishindo.

Latrice aligeuka. Mikono yake ilikuwa na povu hadi viwiko, na juu ya jicho palikuwa na kovu dogo ambalo Cornell hakulijua.

"Naondoka," akasema haraka. "Cornell, sikuja kwa ajili yako. Samahani. Naondoka sasa hivi."

"Nani anaondoka?" Mama Ernestine akafoka. "Na kichwa changu hiki nimwachie nani?"

Cornell alimgeukia binamu yake. "Twyla. Ulisema ni wewe."

Twyla aliitazama miguu yake. "Viatu sirudishi."

Hakuna aliyecheka. Cornell alimsogelea Latrice hatua moja, akasimama. "Amekusamehe mara ngapi?"

"Kila Jumatatu. Isipokuwa moja, alinirushia kitana." Akagusa nyusi yake. "Alikuwa na haki."

"Na mimi sijakusamehe hata mara moja," Cornell akasema.

"Huyu mrefu ni nani?" mama akauliza. "Naye amekuja kuomba msamaha? Apange foleni."

Cornell alimtazama mama yake, mwenye povu kichwani na taulo shingoni, ameketi wima kama yuko mbele ya kwaya yake. Kitu kikamvunjika ndani. Akapiga magoti pale Latrice alipokuwa amepiga.

"Ndiyo, mama. Nimekuja kuomba. Uliniambia watu wasikuone, nikafunga mapazia. Nimekufungia humu mwaka wa pili sasa."

"Watu gani?"

"Wa Gileadi."

"Wa kwaya?" Uso wa Mama Ernestine ukanawiri. "Wananiulizia?"

"Kila siku, mama."

"Basi mbona hawaji?"

Cornell aliyatazama yale mapazia. Alikuwa amelinda neno la mwanamke ambaye hayupo tena, na huyu aliyepo alikuwa anakaa gizani akidhani marafiki zake wamemtupa. Aliinamisha kichwa mapajani mwa mama yake akalia kwa sauti, mtu mzima. Latrice alitamani kumshika, lakini maji yalikuwa yanapoa, na kichwa cha mama hakiwezi kungoja machozi ya mtu. Alimwinua mama taratibu hadi sinkini, akamsuuza.

Baadaye walisimama wawili jikoni. Twyla, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, aliongeza sauti ya televisheni ili asisikie.

"Nimekusamehe," Cornell akasema. "Na wewe uniambie kama utanisamehe. Nilikutukana, nikakufungia simu kama mwizi."

"Ulisema kweli, Cornell. Nilitaka wanisikie."

"Si yote ilikuwa hivyo."

"Si yote. Lakini ilitosha kumuumiza." Alikuwa anafuta mikono na haimalizi kukauka. "Nakupenda. Na hata usingenisamehe, Jumatatu ningekuja."

"Najua. Hilo ndilo linaloniua." Akamshika ile mikono iliyolowa. "Niambie nianzie wapi. Niwaite wa Gileadi wote?"

"Usiniulize mimi. Tumuulize yeye. Na tumuulize kila mara, maana siku nyingine atasema hapana, na hapana yake tuiheshimu."

Wakamuuliza. Akasema wamlete Odom, lakini kwanza wamvalishe. Shemasi Odom alikuja peke yake, kofia mkononi, bila paja lolote, akakaa saa nzima akisahihishwa mistari ya sauti ya nne. Wakaja wengine, mmoja mmoja, kwa siku aliyotaka mwenyewe. Siku asiyotaka, waliacha sufuria barazani wakaenda. Wanakwaya wawili wakaanza kukaa naye usiku wa Jumanne na Alhamisi, Cornell akalala usingizi wa watu. Na Mchungaji Purnell, kabla hajauliza nani ana mzigo, siku hizi huongeza: "Ukiwa ni wa mwenzako, je, umemuuliza?" Kuna Jumapili watu huketi chini tena.

Miti ikachanua. Jumapili moja alasiri, mapazia yako wazi, Latrice alikuwa anamsuka mama dirishani, amevaa gauni la kijani kutoka kanisani, viatu amevivua. Cornell alikuwa mlangoni anawatazama. Mama Ernestine alimwita.

"Cornell. Huyu binti ni nani?"

Moyo wa Cornell ukaruka. Ilikuwa siku nyingi mama hajamwita kwa jina.

"Ni Latrice, mama."

"Ni mkeo?"

"Bado."

"Umemwomba?"

"Nilikuwa... nilitaka iwe siku nzuri. Siku ambayo wewe uta..."

"Siku nitakayokuwa na akili," mama akamalizia. Alisema bila uchungu. "Basi leo ninazo. Unangoja nini, nisahau?"

Cornell alikuja hadi dirishani na kupiga magoti, hana pete, hana hotuba. "Latrice, utakubali nikuoe, na mzigo wangu wote?"

"Yeye si mzigo," Latrice alisema, machozi yanamdondoka kwenye nywele za mama. "Ndiyo, Cornell. Ndiyo."

Mama Ernestine alipiga makofi, akaamuru wimbo, na wakaimba, vibaya sana.

Asubuhi yake alimtazama Latrice akiingia, akauliza huyu binti ni nani. Cornell akamwambia, "Ni mchumba wangu, mama, amekubali." Mama alishtuka kwa furaha, akapiga makofi, akawabariki wote wawili. Na kesho yake wakamwambia tena.